Mwaka Masimba Ilipokuwa na Timu Mbili

Makomoke Bosibori tulimzika juma lililopita, nyuma ya nyumba yake, kati ya migomba na shamba la majani chai. Makomoke ndivyo Wakisii tunavyomwita mama mdogo. Mchungaji alinipa nafasi niseme maneno machache kwa niaba ya wasichana aliowalea, nami nikasema yale yanayosemwa: kwamba alikuwa mcha Mungu, kwamba mlango wake ulikuwa wazi kwa kila mtu, kwamba hakuna aliyemtembelea akaondoka na njaa. Nilipokuwa nikiongea niliwaona wanaume kadhaa wenye mvi wamesimama pamoja kando ya tangi la maji, wote wamevaa suti, na mmoja wao amevaa jezi ndani ya koti. Wajukuu wa marehemu walikuwa wakiulizana hao ni akina nani. Mimi niliwajua. Walikuwa wamekuja kumzika mwanamke ambaye hakuwahi kutazama mechi moja hadi mwisho, lakini aliyeiokoa timu yao mwaka ilipotaka kufa. Hayo sikuyasema pale kaburini. Mchungaji alikuwa akitazama saa, na mbingu zilikuwa zimeshaanza kunguruma kama kawaida ya huku alasiri. Basi nayasema hapa.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nangoja kuitwa chuo cha ualimu. Makomoke alikuwa na hoteli Masimba, kando ya barabara ya Kisii kwenda Keroka, naye akaniita nimsaidie. Chumba chenyewe nakiona hadi sasa nikifumba macho. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi ya buluu hadi usawa wa kifua, na juu ya hapo ulikuwa mweusi kwa moshi. Palikuwa na mabenchi marefu, meza zenye vitambaa vya plastiki, na harufu ya chapati na chinsaga, mboga ya mgagani, iliyochemshwa kwa maziwa. Pembeni, juu ya rafu, ndani ya kizimba cha vyuma chenye kufuli, kulikuwa na televisheni. Dishi lilikuwa juu ya paa la mabati na mvua ikinyesha kwa nguvu picha zilikatika, ndipo fundi mmoja wa mawe aitwaye Momanyi alipokuwa akipanda juu kulipangusa kwa koti lake. Momanyi ndiye aliyekuwa nahodha wa timu ya Masimba. Ufunguo wa kile kizimba Makomoke aliuvaa shingoni kwa kamba, chini ya blauzi, na hapo ndipo palipokuwa na shida, kwa sababu Makomoke alikuwa Msabato, na ligi ya Uingereza huchezwa Jumamosi, kabla jua halijazama na Sabato kuisha.

Kila Jumamosi jioni ilikuwa vile vile. Wanaume walianza kukusanyika mlangoni saa kumi na moja. Wasabato walitoka kanisani moja kwa moja, wangali wamefunga tai, Biblia kwapani, wakijifanya wamepita tu kusalimia. Wakatoliki hawakuwa na sababu ya kujificha, hivyo walikaa kwenye ngazi na kulalamika kwa niaba ya wote. Mechi ilikuwa ikianza kule Ulaya, nasi tulikuwa tukitazama kilima.

"Mama, jua limezama."

"Bado. Naliona."

"Ule mwangaza si jua, Mama. Ni taa za kiwanda cha chai cha Itumbe."

"Basi ngoja wazime taa ndipo nifungue."

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha Mungu. Cha pili kilikuwa chetu. Mwaka ule nadhani niliona vipindi vya pili vingi kuliko mtu yeyote Kenya, na nasema kwa moyo wote kwamba huko ndiko nilikojifunza mpira. Ukiingia katikati ya mechi, hakuna wa kukusimulia. Ni lazima usome mwenyewe: nani ameshika kiuno, nani ana matope upande mmoja tu wa bukta, beki gani hamtazami kipa wake usoni. Nilikuwa nikipita na birika huku nikisoma, na polepole nikagundua kuwa wenzangu wote walikuwa wanamtazama mwenye mpira. Mimi nilianza kumtazama yule ambaye angeupata baadaye. Hadi leo huo ndio msimamo wangu na nimegombana na watu wengi kwa ajili yake, hata na mume wangu: bao ni la yule aliyetoa pasi kabla ya pasi ya mwisho. Wafungaji wanasifiwa, wananunuliwa kwa mamilioni, wanapigwa picha na marais. Lakini mtoe yule kiungo mmoja asiyeimbwa, uone kama mfungaji wako hatageuka mti uwanjani. Na ile mashine ya siku hizi ya kurudia picha, inayotufanya tushangilie bao kisha tukae chini kungoja ruhusa, siipendi, na sitaipenda. Refa akikosea, akosee kama binadamu, tumlaumu, twende nyumbani.

Kibet aliingia maishani mwetu akiwa amebeba mitungi ya maziwa. Alitoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Sotik, akifanya kazi kwenye lori dogo lililoleta maziwa Keroka na Masimba. Mpaka wenyewe ni barabara tu na vibanda, huku Wakisii, kule Wakipsigis, na siku ya soko huwezi kujua nani ni nani. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye Kiswahili cha kuchagua maneno. Asubuhi ya kwanza alisimama jikoni akiwasikiliza wateja wakimsalimu Makomoke, kisha akaniinamia.

"Dada, kwani huyu mama mnamwita baba?"

Nilicheka hadi nikamwaga unga. Nilimweleza kuwa kwa Ekegusii mama ndiye baba, na baba ndiye tata. Alifikiri kidogo.

"Basi nikisema nampenda baba, nyinyi mnaona nampenda mama?"

"Ndiyo."

"Hiyo ni sawa," akasema. "Hata mimi ni yeye nampenda zaidi."

Kuanzia siku hiyo alimwita Makomoke "Baba", kwa sauti, mbele ya watu, na Makomoke akawa anamwekea chapati mbili chini ya sahani. Momanyi alimkuta siku moja nyuma ya hoteli akipiga danadana na kabichi ndogo, amevaa gambuti za kazini. Jumapili iliyofuata Kibet alikuwa katikati ya uwanja wa shule ya msingi, ule uliolala mteremko, amevaa viatu vya kuazima vilivyombana. Nilisimama nyuma ya goli na sikuamini macho yangu. Yale niliyokuwa nikiyaona ndani ya kizimba cha vyuma, alikuwa akiyafanya hapa, kwenye nyasi za ng'ombe. Aliinua kichwa kabla mpira haujamfikia. Alitoa pasi mahali ambapo hapakuwa na mtu, na mtu akafika. Nyakundi, winga wetu mwenye mbio na asiyejua pa kuzielekeza, ghafla akawa mfungaji. Tulishinda, tukashinda tena, tukawapiga hata watu wa Keroka kwao nyumbani, na hotelini watu wakaanza kubishana kuhusu timu yetu hata wakati wa mapumziko ya mechi za Ulaya. Hilo halikuwa limewahi kutokea.

Lakini ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Baba yake Nyakundi alikuwa Ombati, mfanyabiashara wa vipuri vya magari Keroka, mtu mnene, mkarimu, mwenye sauti ya kujaza chumba, na ndiye aliyetununulia mipira na nyavu tangu zamani. Alasiri moja alikuja na mgombea wa kiti fulani, jina sitalitaja, na vijana wawili wamebeba maboksi. Ndani mlikuwa na jezi za njano zinazong'aa, na juu ya tumbo la kila jezi picha ya mgombea akitabasamu. Wachezaji walizishika kama watoto siku ya Krismasi. Mgombea alikunywa chai, akasifu mandazi, akaahidi basi na viatu. Alipofika mlangoni akageuka.

"Jambo moja tu. Timu iwe ya watoto wa nyumbani. Watu wananiuliza kwa nini Masimba inasaidiwa na mtu wa ng'ambo. Mwaka huu si mwaka wa kuchanganya mambo."

Kibet hakuwapo. Alikuwa ameshaondoka na lori. Siku mbili tatu baadaye wakakutana hotelini kuamua, wachezaji na wazee wa timu, nami nikawa napita na birika. Ombati alisema hana ubaya na kijana, lakini siasa ni kama mvua, ikija unatafuta paa. Wengine walisema viatu ni viatu. Momanyi alisema tu, "Mimi bila Kibet sichezi," kwa sababu hakuwa mtu wa maneno. Niliona mambo yanakwenda upande wa jezi za njano. Sijui nilipata wapi ujasiri, lakini niliiweka birika mezani.

"Nyakundi amefunga mabao mengi mwaka huu kuliko mtu yeyote," nikasema. "Nitajieni moja ambalo halikuanzia kwa Kibet."

Ombati alinitazama kama mtu aliyesikia kiti kikiongea.

"Moraa, wewe ni wa chai."

"Amemaliza kumimina," Makomoke alijibu kutoka mlango wa jikoni, mikono imejaa unga. "Mwacheni amalize kusema."

Basi nikamaliza. Nikasema mgombea akishinda atakwenda Nairobi, akishindwa atakwenda kwake, na Jumapili itakayofuata sisi tutakuwa pale pale mteremkoni, na katikati ya uwanja hakuna mtu. Nikasema zile timu tunazozipenda kwenye televisheni, tunazopigania hadi kununiana, zina watu wa kila nchi na kila rangi, na sijasikia mtu Masimba akisema kiungo wake arudishwe kwao. Nyakundi alikuwa akitazama viatu vyake. Ningependa kuandika kwamba walisimama wakanipigia makofi. Haikuwa hivyo. Walibishana hadi chai ikapoa, kisha nusu wakachukua jezi za njano wakatoka, Nyakundi akiwa kati yao, na nusu wakabaki na Momanyi. Hivyo ndivyo Masimba, mahali pa kupita magari tu, ilivyopata timu mbili, na zote mbili zikawa hazijai.

Kisha mambo yakawa mabaya zaidi ya mpira. Ng'ombe waliibwa upande mmoja wa mpaka, halafu upande wa pili, na wanasiasa wa pande zote wakapata la kusema. Kila jioni hotelini kulikuwa na habari mpya na kila habari ilikuwa kubwa kuliko ya jana. Soko la mpakani likafungwa. Askari wakapiga kambi barabarani. Lori la maziwa likaacha kuja, na Makomoke akawa anauza chai ya rangi, jambo ambalo kwake lilikuwa aibu kama kutembea bila viatu kanisani. Wateja walianza kukaa kwa makundi, wa njano karibu na dirisha, wa Momanyi karibu na jiko, na hata bao lilipofungwa kule Ulaya, walishangilia bila kutazamana. Nakumbuka Makomoke akisimama na kitambaa mkononi, akiitazama migongo yao. "Hawa watu wanakunywa kwangu kama abiria," aliniambia. Mimi nilikuwa nikimfikiria Kibet. Hakukuwa na simu ya kumpigia. Hatukujua kama alikuwa mzima.

Momanyi ndiye aliyesema, asubuhi moja, akiwa amekaa jikoni na sisi: "Kama yeye hawezi kuja, twende sisi. Tuwaombe mechi."

"Na mkipigwa mishale?" nikauliza.

Makomoke alikuwa akikanda unga. Aliendelea kukanda kwa muda, kisha akasema, "Mkienda wanaume peke yenu, mtaonekana mmekwenda vitani. Lazima waende wanawake, na lazima wabebe chakula. Mtu haendi vitani na sufuria."

Jumapili hiyo Makomoke alivaa kofia yake ya Sabato, ile nyeupe yenye ua, na hiyo ndiyo ishara pekee kwamba aliogopa. Tulipakia matoke na chapati, tukapanda gari hadi Keroka na mbele zaidi, tukateremka karibu na mpaka na kuanza kutembea, wanawake mbele. Tulipokuwa tukiteremka garini tulimwona Nyakundi akitungoja kando ya barabara. Alikuwa amevaa jezi ya njano, lakini ameigeuza ndani nje, picha ya mgombea ikiwa imelala kwenye ngozi yake. Momanyi alimtazama.

"Baba yako anajua?"

"Atajua," Nyakundi alisema, akachukua sufuria mkononi mwangu.

Askari kwenye kizuizi alituuliza tunakwenda wapi. Makomoke akamwambia tunakwenda kucheza mpira. Alitazama kofia, akatazama sufuria, akatazama wale vijana, akaniuliza mimi kama huyu mama yuko sawa kichwani. "Yuko sawa," nikasema. Alikuna shingo, akatuambia turudi kabla ya jioni. Upande wa pili watu walitoka vibandani kututazama. Hakuna aliyesalimia. Nilisikia viatu vyetu wenyewe kwenye changarawe, na nyuma yangu mtu alikuwa akisali. Tulifika kwenye uwanja wao, tukakaa kwenye nyasi na vyakula vyetu, tukangoja, na kwa muda mrefu hakuna kilichotokea. Kisha Kibet akaja akikimbia kutoka juu, hajavaa shati, na mama yake anamfuata kwa hatua za haraka za mtu aliyekuja kumrudisha mtoto.

"Baba!" Kibet aliita, na watu wote wa kwao wakageuka kutafuta mwanamume. Makomoke alisimama, akanyoosha kofia.

Kicheko kilichotokea Kibet alipoeleza, kwa Kikipsigis, kwa nini anamwita mwanamke huyu baba, sitakisahau. Kilianza kwa wamama, kikapita kwa wazee, kikawafikia vijana waliokuwa wamesimama pembeni na fimbo. Mama yake Kibet hakujua Ekegusii, Makomoke hakujua Kikipsigis, na Kiswahili chao wote wawili kilikuwa cha kununulia kitu sokoni. Lakini walikaa pamoja mchana kutwa, wakiongea juu ya maziwa. "Hiyo yako," niliwasikia, "inamwagwa?" "Inamwagwa. Na wewe, chai?" "Rangi tu." Walitikisa vichwa kama waliofiwa. Baadaye mama yule alileta kibuyu cha mursik, na vijana wetu, ambao maziwa lala yenye majivu hawakuwa wameyaonja, walikunywa wakiwa wamekunja nyuso kwa heshima.

Kibet aliuliza achezee upande gani. "Wetu," Momanyi alisema, "hicho ndicho kilichotuleta." Kwa hiyo alicheza dhidi ya ndugu zake, na ndugu zake wakamzomea kila alipogusa mpira, wakicheka, na alipomtupia Nyakundi pasi ile yake ya mahali pasipo na mtu, walisahau wakashangilia. Walitufunga, tukawafunga, ikaisha sare, na nina hakika refa, mwalimu wao mmoja, alipuliza filimbi mapema ili iishe hivyo. Huyo ndiye refa bora niliyemwona maishani mwangu. Majuma machache baadaye wao walikuja Masimba, wamama mbele, wamebeba vibuyu. Nilimwona Ombati kwenye kona ya mbali ya uwanja, peke yake, mikono mifukoni. Lakini hakuondoka hadi mwisho.

Sisemi kwamba mpira ulileta amani. Nimesikia watu wakitoa hotuba kama hizo, hasa wakitafuta kura, na huwa nabadilisha stesheni. Wazee wa pande zote walikaa vikao vingi, askari walifanya kazi yao, mvua za kupanda zilikuja na watu wakataka kulima. Ninachosema ni kidogo tu: lori la maziwa liliporudi, hakuna aliyelirushia jiwe, kwa sababu kila mtu barabarani alijua nani yuko juu yake. Mgombea alishindwa. Zile jezi za njano hazikutupwa. Kwa miaka mingi ziliendelea kuvaliwa mashambani, na ungeweza kupita barabara ya Keroka asubuhi ukamwona mheshimiwa akitabasamu kutoka kwenye matumbo ya wachuna majani chai, akizidi kufifia kila msimu. Timu mbili zikawa moja bila kikao chochote. Jumapili moja walifika wote uwanjani na hapakuwa na mtu wa upande wa pili wa kucheza naye, basi wakagawana.

Mwishoni mwa mwaka huo alikuja mtu kutoka klabu moja ya Nairobi kumtazama Kibet, akarudi tena, kisha akaondoka naye. Mimi nilikuwa nimeitwa chuoni na nilikuwa nikifunga vitu vyangu. Siku yake ya kwanza kuanza katika ligi kuu haikuonyeshwa kwenye televisheni, ilitangazwa redioni, Jumapili alasiri, na Makomoke aliiweka redio juu ya meza ya katikati ili kila benchi lisikie. Chumba kilijaa hadi jikoni. Mama yake Kibet alikuwa amekuja na lori asubuhi, akakaa karibu na jiko na kikombe cha chai ya maziwa. Ombati aliingia akiwa amechelewa, akatafuta nafasi, na Nyakundi akasogea ili baba yake apate pa kukaa. Mtangazaji alikuwa akisoma majina ya wachezaji kwa haraka, mmoja baada ya mwingine, na kijiji cha kila mmoja.

"Katikati," redio ikasema, "kijana mpya, Kibet, kutoka Masimba."

Mtu mmoja nyuma alianza kusema kwamba hapana, si wa Masimba, huyo ni wa ng'ambo, wamekosea. Makomoke alichungulia kutoka jikoni. "Wamesema wapi?" Watu wakaanza kuongea kwa pamoja, wengine wakicheka, wengine wakimwelezea mama yake Kibet, na kelele zikafunika redio kabisa. Ombati akainuka. Alipita kati ya mabenchi, akashika kitufe cha sauti, akakizungusha hadi mwisho.

"Nyamazeni," akasema. "Mtoto wetu ana mpira."